Uzi: Tumepata z ya -3.1 kwenye kyubu za zege na cheti cha mashine kiko safi, njooni tuongee kuhusu upimaji wa umahiri

#1 mpimazege (mleta uzi)

Wakuu habari za muda. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka, leo nimeamua kuandika maana hili jambo limeninyima usingizi, na najua humu wamo watu wa maabara za zege, udongo, nondo na lami, na wamo pia mainjinia wa saiti ambao ndio wanapokea ripoti zetu. Andiko ni refu, mnivumilie.

Kwa wasiofahamu, upimaji wa umahiri, wengi tumezoea kuuita PT, ni hivi: kuna mwendeshaji anaandaa sampuli zinazofanana, anazigawa kwa maabara kadhaa, kila maabara inapima kwa utaratibu wake wa kila siku na kurudisha majibu, halafu yeye anayakusanya yote na kumwambia kila mtu amesimama wapi kati ya wenzake. Ukiwa na ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, hili huliepuki, toleo la 2017 kipengele 7.7.2 kinakutaka ujipime kwa kujilinganisha na maabara nyingine pale nafasi ipo. Ila tuseme ukweli, wengi wetu tulikuwa tunaichukulia kama karatasi ya kumwonyesha mkaguzi tu. Hata mimi nilikuwa hivyo.

Sasa sisi tuliletewa kyubu, yaani michemraba ya zege, za mm 150, seti mbili, A na B, kila seti kyubu tatu, tuziweke kwenye maji mpaka siku ya 28 ndo tuzivunje. Tukavunja, seti A ikatoa wastani wa MPa (megapaskali, yaani nguvu kwa eneo) 32.7 na seti B MPa 38.0, tukatuma majibu tukaendelea na kazi. Ripoti inakuja, thamani iliyokubalika (namba inayochukuliwa kuwa ndiyo sahihi) ya A ni 38.6 na standadi diviesheni, yaani kipimo cha mtawanyiko wa majibu, ni 1.9, ya B ni 44.2 na standadi diviesheni 2.2. z ni umbali wa jibu lako kutoka thamani hiyo ukiugawa kwa standadi diviesheni. Piga hesabu mwenyewe hapo: 32.7 toa 38.6 ni -5.9, gawa kwa 1.9 unapata -3.1. B inakuja -2.8. Na sheria ya z inajulikana, ukiwa ndani ya 2 uko vizuri, kati ya 2 na 3 ni onyo, ukifika 3 au zaidi iwe juu au chini unatakiwa usimame uchunguze.

Siku ile kila mtu alikuja na sababu yake. Kuna aliyesema kyubu zimegongwa njiani, mwingine mwendeshaji kakosea hesabu, mwingine akasema wenzetu ndio wanapima juu sisi ndio tuko sahihi. Bosi akatoa cheti cha kalibresheni ya mashine, kipya, kosa liko ndani ya asilimia 1 kwenye loadi zote, akakiweka mezani. Na kweli cheti kilikuwa safi, sikuwa na la kujibu.

Ila kuna kitu kiligoma kuingia kichwani. A ilikuwa chini kwa karibu asilimia 15 na B chini kwa asilimia 14. Yan seti mbili tofauti, nguvu tofauti, lakini upungufu ni uleule. Halafu kyubu tatu za ndani ya kila seti zilipishana kidogo sana, zimeshikana vizuri kabisa. Kama ni bahati mbaya ya kupima, moja ingeruka juu nyingine ingeshuka. Hii ndio sababu waendeshaji wengi wanatuma sampuli mbili mbili, kuna mchoro wa Youden wa mwaka 1959, jibu lako la sampuli moja linakaa kwenye mstari wa chini na la pili kwenye mstari wa wima, kila maabara inakuwa nukta moja. Nukta ikikaa mbali lakini imefuata mstari wa mshazari, maana yake unakosea upande uleule kila siku. Nukta yetu ilikuwa chini kushoto, imelala juu ya mshazari kabisa.

Tukaanza na vitu vyepesi. Karatasi ghafi kwanza, kN (kilonyutoni, ndio loadi) zilizosomwa kwenye mashine, eneo la kyubu, hesabu. kN 736 gawa kwa mm² 22,500 ni 32.7, sawa. Vipimo vya kyubu sawa. Joto la tenki la maji, nyuzi 20 jumlisha au toa 2, rekodi zipo na kipimajoto tukakilinganisha na kingine, sawa. Kasi ya kupandisha loadi, kiwango cha Ulaya EN 12390-3 kinataka MPa 0.6 kwa sekunde jumlisha au toa 0.2, kwa kyubu ya 150 hiyo ni kama kN 13.5 kwa sekunde, tukavuta grafu ya mashine, sawa.

Hapo tulikuwa tumekwama. Kilichotuokoa ni fundi sanifu wetu kijana, yeye ana tabia ya kutunza vipande vya kyubu za PT kwenye magunia, kila gunia na namba yake. Tukavimwaga chini na kuanza kuvipanga. Kyubu ikivunjika vizuri nyuso nne za pembeni zinapasuka karibu sawa, kinachobaki katikati ni kama piramidi mbili zimegusana vichwa. Za kwetu, nne kati ya sita zilikuwa na uso mmoja mzima, laini kama ulivyotoka kwenye moldi, hata namba tuliyoandika kwa chaki ya nta bado inasomeka vizuri, na uso wa upande wa pili umesagika mpaka unga. Niliinama pale na kile kipande mkononi nikajisikia vibaya sana, maana kyubu za wateja tumevunja hivyohivyo miezi mingi na kuzisukuma kwenye toroli bila kuziangalia.

Tukaenda kwenye mashine. Pleti ya juu inakaa kwenye kiti chenye umbo la bakuli. Kazi ya kile kiti ni kwamba kyubu inapogusa, pleti inajizungusha kidogo ikae sawasawa na uso wa kyubu, halafu loadi ikipanda ijifunge isicheze tena. Tulipofungua tukakuta grisi nzito, ile ya beringi, inayohimili mgandamizo mkubwa. ASTM C39, kiwango cha Marekani cha kuvunja silinda za zege, imelisema hili kabisa, tumia oili ya kawaida kama ya injini, usitumie grisi za namna hiyo. Oili inakamuliwa loadi ikipanda, chuma kinashika chuma, pleti inatulia. Grisi ile haikamuliki, inabaki katikati, pleti inaendelea kuteleza na kuinama taratibu huku loadi inapanda, upande mmoja wa kyubu unabebeshwa kuliko mwingine na unafeli mapema.

Kwanini cheti hakikuona? Tuliangalia kitabu cha mashine, grisi iliwekwa kwenye sevisi, wiki moja KABLA ya kalibresheni. Aliyekuja kukalibresha aliweka kifaa chake katikati kabisa akalinganisha namba na namba. kN zilikuwa sahihi na bado ni sahihi. Namna kN hizo zinavyogawanyika juu ya uso wa kyubu hakuna aliyeipima. EN 12390-4 ina jaribio lake kwa ajili ya hilo, unaweka silinda ya chuma iliyobandikwa vihisi pembeni inakuonyesha kila upande unabanwa kiasi gani. Sisi hatukuwahi kuliomba hata siku moja.

Kabla ya kusafisha nikaomba tusiguse kitu. Tukamwaga zege moja, kyubu 12, tukazichanganya bila mpangilio, 6 tukazivunja na grisi yake, tukasafisha kiti, tukaweka oili, tukavunja 6 zilizobaki siku hiyohiyo. Wastani ulipanda zaidi ya MPa 4 na zile za pili zilipasuka pande zote nne.

Sasa sehemu iliyoninyima usingizi. Tangu siku ya sevisi ni miezi mitano ya ripoti. Tulikaa kuzipitia zote. Mtu anaweza kusema si mlikuwa chini, afadhali hivyo kuliko kuwa juu, hakuna jengo litaanguka. Lakini upande wa pili yupo mkandarasi aliyechanganya zege lake vizuri kabisa akaambiwa limefeli, akaingia kwenye mabishano, akachimba koa (kipande cha zege kinachokatwa kwenda kupimwa) kwenye nguzo nzima. Wapo wawili niliowapigia mwenyewe kuwaeleza kabla hatujatuma barua. Kuongea nao ilikuwa ngumu lakini ilibidi.

Naomba mliowahi kupata z mbaya mje mseme mlikuta nini, na wasiokubaliana na huu utaratibu pia waje.

#2 nondo16

Dada asante kwa uwazi, wengi hili wangelifunika. Mimi ni wa nondo na chuma. Kwetu kilichotuangusha ni urefushaji, nguvu ya kuvuta ilikuwa ndani lakini asilimia ya kurefuka tuko nje kabisa. Tulihangaika na mashine kumbe tatizo ni urefu wa kipimo. Mwendeshaji alitaka mara tano ya kipenyo, kwa nondo ya mm 12 ni mm 60, sisi tumezoea kuweka alama za mm 200. Chuma kinanyooka zaidi pale kinapojikaba shingo kabla ya kukatika, ukichukua urefu mfupi hiyo shingo inachukua sehemu kubwa ya kipimo kwahiyo asilimia inapanda, ukichukua urefu mrefu inashuka. Nondo ileile, namba mbili tofauti, na zote mbili zimepimwa sawasawa. Tangu siku hiyo maelekezo ya PT tunayasoma watu wawili kwa sauti kabla hatujagusa sampuli.

Swali langu, hiyo thamani iliyokubalika inatoka wapi? Nani anasema 38.6 ndio ukweli?

#3 mpimazege (mleta uzi)

@nondo16 kaka hilo swali ndio lenyewe. Kwa vitu vyetu vya ujenzi mara nyingi inatoka kwa washiriki wenyewe. Kyubu ukishaivunja imeisha, hamna namna ya kuwa na kyubu ambayo nguvu yake inajulikana kabla. Kwahiyo wanachukua majibu yote wanatafuta namba ya katikati kwa hesabu ambazo haziyumbishwi na wachache waliopotea, ISO 13528, kiwango cha takwimu za PT, inazieleza, nyepesi kuliko zote ni mediani (jibu la katikati yakipangwa kwa ukubwa), na kuna ile wanayoita Algoritimu A inayowavuta ndani walioko mbali badala ya kuwafuta.

Na hapo kuna udhaifu lazima tuukubali. Wakati mwingine wengi wanakosea pamoja. Kama robo tatu ya maabara zinatumia njia moja mbaya, basi katikati yao ndio itaitwa thamani iliyokubalika, na yule mmoja anayepima sawa atapewa z mbaya. Ndio maana z mbaya haimaanishi moja kwa moja wewe ni mbovu. Inamaanisha kachunguze, ukimaliza ukakuta uko sawa basi andika ushahidi wako na mwandikie mwendeshaji. Ila uwe umechunguza kweli, siyo ile ya "tumerudia kipimo na kumkumbusha fundi awe makini". Hiyo sentensi nimeiona kwenye fomu nyingi mno na haijawahi kurekebisha chochote.

#4 Pembeni_ya_chekecheo

Wakuu mimi ntasema kitu ambacho wengi wanakijua ila hawasemi. Maabara nyingi zikipokea sampuli za PT simu zinaanza. "Nyie mmepata ngapi?" "Sisi 31." "Aa sisi 35, ngoja tuangalie tena." Mwisho wa siku zote mbili zinatuma 33. Na sampuli anapewa fundi bora kuliko wote, anapima mara tano, wanachagua. Tunafanya hivyo kwa sababu tukifeli ithibati inatikiswa na kazi zinakimbia. Sasa mtu ajilaumu nini hapo?

#5 mpimazege (mleta uzi)

@Pembeni_ya_chekecheo mkuu asante kwa kusema, sikuhukumu, ila hapa nakataa kwa moyo wote.

Fikiria kama sisi tungepiga simu. Tungeambiwa 38, tungeshtuka, tungepandisha namba, z ingekuwa nzuri, grisi ingebaki kwenye kiti mpaka leo. Mwaka mzima mwingine wa kukataa zege za watu. Ile simu ndiyo ingetunyima kitu pekee kilichoweza kutuambia, maana cheti hakikutuambia, kyubu zetu wenyewe zilizoshikana vizuri hazikutuambia, na mkaguzi aliyepita miezi miwili nyuma hakuona.

Halafu mnaowapigia simu mnawaharibia na wengine. Mkiwa maabara 10 na nne zimekubaliana namba, katikati inasogea kuelekea kwao na standadi diviesheni inabanwa, mwenzako mwaminifu ndio anatupwa nje. Na waendeshaji wanaona, majibu mawili yanayofanana mpaka desimali ya mwisho kutoka maabara mbili za karibu siyo kitu cha kawaida kwenye zege. ISO/IEC 17043, ambayo ndio inawabana waendeshaji, inawataka wawe na hatua za kuzuia watu kuelewana na kughushi majibu, na utaratibu wa kufuata pale wanaposhuku.

Hilo la fundi bora ni baya vilevile. Sampuli ya PT inatakiwa iingie kama ya mteja: ipewe namba ya kawaida, iwekwe kwenye foleni, ipimwe na yule ambaye zamu ni yake, mara zilezile ambazo mteja anapimiwa. Mteja wako hapimiwi mara tano na fundi mkuu. Ukipima mara tano unajua uwezo wa fundi mkuu siku akiwa ametulia, hujui maabara yako ikoje jumatatu asubuhi kuna kyubu 60 kwenye foleni.

#6 udongo_mwekundu

Shikamoo wakuu. Mimi nipo upande wa udongo, hiki kipimo cha mpaka wa kimiminiko (unyevu ambao udongo unaanza kutiririka) kwa kikombe cha Casagrande kimetutesa raundi mbili mfululizo, z ya -2.4 halafu -2.6. Tumebadilisha fundi bado. Udongo ni uleule umesagwa na kugawanywa vizuri. Msaada tafadhali.

#7 mpimazege (mleta uzi)

Mimi siyo mtu wa udongo sana, nasubiri wenyewe waje. Ila hata hizo 2.4 na 2.6 usizisubirie zifike 3, mbili mfululizo upande uleule zina ujumbe.

#8 fundi_wa_zamani

Marahaba @udongo_mwekundu. Nimekaa na kile kikombe zaidi ya miaka 20. Angalia hivi, kikombe kinatakiwa kianguke mm 10 kamili, tunahesabu mapigo mpaka mfereji ujifunge kwa urefu wa kama mm 13, na unyevu wa mapigo 25 ndio jibu. Sasa chini ya kikombe kuna alama inayochongeka pale kinapogonga kitako kila siku. Watu wengi wanapima kimo cha kuanguka kwa kuangalia kingo ya kikombe, wakati kinachotakiwa ni ile nukta yenyewe inayogonga. Kikianguka kutoka juu zaidi ya mm 10 kila pigo lina nguvu zaidi, mfereji unafunga mapema, unyevu wa mapigo 25 unatoka mdogo, jibu lako linakuwa chini. Ndio hiyo alama ya kutoa unayoiona.

Kingine ni ulimi wa kukatia mfereji, ukilika mfereji unakuwa mpana na huo unavuta jibu upande wa juu, kwahiyo unaweza ukawa na makosa mawili yanayofichana ukaonekana mzima. Na je udongo mliukausha kwenye oveni kabla? Baadhi ya udongo ukishaukausha kwa joto la oveni haurudi ulivyokuwa, mpaka wa kimiminiko unashuka kabisa. Kama maelekezo yalisema ukaushwe kwa hewa na nyie mmezoea oveni, anzia hapo.

Mwisho, hakikisha mwendeshaji hajachanganya wanaotumia kikombe na wanaotumia koni inayozama mm 20 kwenye kapu moja. Ni njia mbili, majibu yanakaribiana lakini siyo kitu kimoja.

#9 udongo_mwekundu

Asante sana mzee wangu, kesho asubuhi naanza na kimo na oveni. Ntarudi.

#10 Injinia_wa_saiti

Naomba niulize kama mteja. Nimepeleka silinda za zege moja maabara mbili, moja imenipa MPa 31.0, nyingine 34.5. Nahitaji 32. Ya kwanza inasema limefeli ya pili inasema limepita. Nimeshawaandikia wa kwanza barua kali. Nimekosea?

#11 mpimazege (mleta uzi)

Umewahi kidogo mkuu. ASTM C39 yenyewe inatoa kiasi ambacho maabara mbili zinazofanya kazi vizuri zinaweza kutofautiana. Kwa silinda za mm 150 kwa 300 mtawanyiko kati ya maabara ni kama asilimia 5, na inasema majibu ya maabara mbili kwa zege moja hayatarajiwi kupishana zaidi ya asilimia 14 ya wastani wao. Zako zinapishana 3.5, wastani wao ni 32.75, hiyo ni kama asilimia 10.7. Kwahiyo kwa namba hizo peke yake huwezi kusema kuna maabara imekosea. Zote mbili zinaweza kuwa zimefanya kazi nzuri na zege lako liko hapo karibu na 32.

Najua siyo jibu ulilotaka. Ila ni afadhali kuliko kumchagua aliyekupa namba unayoipenda. Waombe wote wawili vitu hivi: picha ya silinda zilivyovunjika, kasi ya loadi, hali ya silinda zilipofika (zilizokauka zinasoma juu kuliko zilizoloa), na ripoti zao za PT za miaka miwili mitatu ya kipimo hichohicho. Narudia, kipimo hichohicho. Maabara kuwa na z nzuri kwenye chekecheo za kokoto hakukuambii kitu kuhusu mashine yao ya kuvunjia. Na anayekuonyesha z mbaya pamoja na uchunguzi wake mimi ningemwamini kuliko anayekuonyesha sifuri tupu.

Kama silinda zinawekewa vifuniko vya mpira badala ya salfa, uliza pia vimetumika mara ngapi. ASTM C1231 inaweka kikomo cha mara 100 na nimeona watu wanaendelea mpaka mpira umechanika.

#12 nondo16

Hapo kwenye "kipimo hichohicho" umenena. Naongezea, kuna mifumo haitumii z kwa namna hii. Marekani kwa CCRL, ile maabara rejea ya saruji na zege iliyoanza 1929, pamoja na AASHTO, chama cha idara za barabara na usafiri za majimbo ya kule, wanatoa alama kuanzia 5 mpaka 0. Ukiwa ndani ya standadi diviesheni 1 unapata 5, kila nusu unayozidi unashuka alama moja, ukipita 3 ni 0. Na wanaweka alama ya kutoa kama uko chini ya wastani. Ukipata 2 kushuka chini kwenye ithibati ya AASHTO unatakiwa uchunguze. Ni kitu kilekile kwa nguo nyingine, msije mkachanganya 2 ya kule na z ya 2.

#13 Pembeni_ya_chekecheo

Dada nimekuelewa hapo juu, na nimelala nalo. Swali moja basi. Sisi kwenye kipimo chetu mwendeshaji anapata washiriki sita tu. Sita! Mmoja akiyumba wote tunayumba. Hapo z ina maana gani?

#14 mpimazege (mleta uzi)

Nimefurahi umerudi mkuu.

Hapo una hoja nzito na ina hesabu yake. Hiyo namba ya katikati nayo ina mashaka yake, yaani kiasi inachoweza kuwa imekosea. ISO 13528 inakadiria kwa kuchukua 1.25 mara standadi diviesheni ya washiriki, ukagawa kwa kipeo cha pili cha idadi yao. Mkiwa sita hiyo inakuja kama 0.51 ya standadi diviesheni. Na kiwango kinataka mashaka ya namba ya katikati yasizidi 0.3 ya ile standadi diviesheni inayotumika kutoa alama, vinginevyo yanaanza kuingia kwenye z yako. Ukirudisha hesabu nyuma, kama standadi diviesheni inatoka kwa washiriki haohao mnahitaji maabara 18 hivi. Kwahiyo sita hamtoshi kwa njia hiyo.

Mnachoweza kufanya, mwombeni mwendeshaji asitumie mtawanyiko wenu wenyewe. Achukue ule ulioandikwa kwenye kiwango cha kipimo, na atumie ile z yenye alama ya mkato, z', ambayo inaingiza mashaka ya thamani ndani ya hesabu. Mkiwa wawili watatu tu basi fanyeni ulinganisho wa wenyewe kwa wenyewe, sampuli moja imegawanywa vizuri, na tofauti yenu muipime kwa kikomo kilichoandikwa kwenye kiwango, kama nilivyofanya na silinda za injinia hapo juu. Mkubaliane kwa maandishi kabla ya kuanza, nani anapokea majibu yote kwa siku moja, bahasha zimefungwa, ili hamu ya kuulizana isipate nafasi.

Na usisahau sampuli yenyewe. Kwa kokoto na udongo mwendeshaji anatakiwa athibitishe zimegawanyika sawa kabla hajatuma, kawaida anachukua mifuko 10 hivi kila mmoja anapima mara mbili. Kwa kyubu hawezi kupima moja mara mbili, kwahiyo tofauti ya kyubu na kyubu inajificha ndani ya mtawanyiko wa maabara. Muulizeni alimwaga zege kwa mchanganyiko mmoja au mingapi, na nani alipata kyubu za mwanzo na nani za mwisho. Ni swali halali kabisa na mwendeshaji mzuri anakuwa na jibu.

#15 udongo_mwekundu

Wakuu nimerudi. Oveni hatukutumia, udongo tuliukausha kwa hewa kama walivyotaka. Lakini kimo cha kuanguka, @fundi_wa_zamani mzee wangu, tumepima kwenye ile nukta inayogonga kama ulivyosema, ni mm 11.3. Kwenye kingo ya kikombe ni 10 safi kabisa, ndio maana kila mwezi tulikuwa tunaandika "sawa" kwenye fomu. Tumekaza upya mpaka 10 pale kwenye nukta, tumepima mabaki ya udongo wa raundi iliyopita tuliyoyatunza kwenye chupa, jibu limepanda. Bado halijafika kwenye thamani yao lakini limeingia ndani ya 1.

Sasa naogopa kuuliza. Fomu yetu ya kila mwezi ina miaka mitatu ya "sawa". Nianzie wapi?

#16 fundi_wa_zamani

Hongera mwanangu. Anza na raundi za PT zenyewe. Rudi nyuma mpaka raundi ya mwisho ambayo z yako ilikuwa karibu na sifuri au imetulia pande zote, hapo ndo unajua kikombe kilikuwa bado kizima. Kuanzia tarehe hiyo mpaka juzi ndio ripoti za kupitia. Usizipitie zote kwa uzito sawa, toa kwanza zile ambazo jibu lilikaa karibu na kikomo cha kukubali au kukataa udongo wa tabaka la barabara, maana hapo pointi mbili tatu ndio zinabadilisha uamuzi. Zikikaa mbali na kikomo, uamuzi haukubadilika, ila bado ziorodheshe.

Na ile fomu ibadilishe leo, mstari wa kimo uandikwe "kipimo kwenye nukta inayogonga", na fundi aandike namba yenyewe, siyo neno sawa.

#17 mpimazege (mleta uzi)

@udongo_mwekundu ukifika kwenye kuwaandikia wateja nitafute inbox, nitakupa mfano wa barua tuliyotumia sisi bila majina. Na sisi fomu yetu ilikuwa na neno "sawa" kwenye kiti cha pleti, nimetoka kuifungua sasa hivi. Nabadilisha pia.

Raundi yetu ijayo ya kyubu ni mwezi ujao, zamu ni ya yule kijana wa magunia. Sampuli zitaingia na namba ya kawaida kwenye foleni. Nitaleta z yetu humu, iwe yoyote.